Kisanduku cha dharura leba: namna ya kukipitisha hospitalini kisiishie njiani

Wiki iliyopita mkunga mwenzangu aliyeko Newala alinipigia: "Dada, kisanduku kilipita kikaoni tangu mwezi wa tatu, mpaka leo hakijafika leba." Nikacheka, maana yalishanikuta. Kisanduku chenyewe ni cha kuweka pamoja vifaa na dawa za mama anayetokwa damu nyingi akijifungua. Haya ndiyo niliyomwambia.

Mimi nilianzia zahanati, huko Tandahimba. Pale ukiwaza jambo asubuhi, mchana linafanyika, kwa sababu mwenye dawa, mwenye daftari na mwenye ufunguo ni wewe. Hospitalini vichwa ni vingi na mawazo ni mengi: maabara wana lao, famasia lao, upasuaji lao. Ila kila idara inayozaa wazo ni mlango ambao wazo la mwenzake lazima lipite. Mmarekani James Q. Wilson, msomi wa siasa na taasisi, aliliandika hili mwaka 1966: taasisi yenye kazi za aina nyingi huzaa mapendekezo mengi, lakini yanayopitishwa ni sehemu ndogo. Leba za huku kusini hakuziona, lakini katupata.

Hatua ya 1: Andika tatizo. Sentensi moja. "Mama akitokwa damu usiku, tunakimbilia sehemu nne kutafuta vifaa." Basi.

Hatua ya 2: Jaza kisanduku. Kanula kubwa (kimrija cha kuingizia dripu mshipani), dripu, mabomba ya sindano, glavu, katheta (mpira wa mkojo), misoprostoli (vidonge vya kukaza mfuko wa uzazi), na asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande (gramu 1 kwenye mshipa, ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue). Nunua kontena la plastiki linaloonyesha ndani, yale ya sokoni ya kuwekea vitafunwa. Sanduku la mbao lenye kufuli likatae hata ukipewa bure. La kwetu la kwanza lilikuwa na kufuli. Usiku lilipohitajika, ufunguo ulikuwa umelala nyumbani kwa mtu. Tulilivunja kwa mguu wa stendi ya dripu.

Hatua ya 3: Hesabu mikono. Hapa ndipo wengi tunakwama, kwa hiyo soma taratibu. Chukua manila na penseli. Kwenye kompyuta utaishia kupamba. Chora safari ya kichupa kimoja cha dawa kutoka bohari hadi kwa mama, kisha safari ya kukirudishia kikishatumika. Kila anayekigusa, anayekiandika au anayekisainia, mchore. Mimi nilidhani mikono ni mitatu. Ilikuwa tisa.

Kwetu kikwazo kilikuwa famasia. Dawa haitoki bila kuingizwa kwenye mfumo kwa jina la mgonjwa, na kisanduku si mgonjwa. Siku nzima nilizunguka na barua kati ya bohari, famasia na uhasibu, kila mmoja akitaka sahihi ianzie kwa mwenzake. Nilimwona mfamasia mkaidi mpaka aliponionyesha leja yake: mkaguzi akija, kichupa kilichopungua anaulizwa yeye. Kuanzia hapo tukaongea vizuri. Kisanduku kikahesabiwa kama stoo ndogo ya wodi, chenye kadi yake. Dawa ikitumika, vichupa vitupu vinarudi famasia pamoja na namba ya faili la mama, tunapewa vingine.

Ila angalia haya. Oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, inataka nyuzi joto 2 hadi 8, kwa hiyo haikai kisandukuni. Bandika juu ya mfuniko "Oksitosini: friji, rafu ya juu". Nje andika tarehe ya dawa itakayowahi kuisha muda. Weka seti mbili, maana ya kwanza ikitumika saa nane usiku, ya kujazia utaipata asubuhi. Na makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja wenye sahihi. Ya mdomo yanahama pamoja na mfamasia akihamishwa; nimeyaona.

Hatua ya 4: Ruhusa. Anza kwa matroni, ndipo uende kwa mganga mfawidhi. Ukimruka matroni, usinitafute. Jua pia mko chini ya nani: hospitali ya wilaya ni ya halmashauri, chini ya TAMISEMI, ya rufaa ya mkoa, kama Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, iko Wizara ya Afya. Ukitaka fedha, wazo liingie kwenye mpango kabla bajeti haijafungwa, maana mwaka wa fedha unaanza Julai.

Hatua ya 5: Jaribu usiku. Mchana wote wanaojua wapo, hutajifunza kitu.

Hatua ya 6: Daftari la kukabidhiana zamu. Mstari mmoja kila zamu: kimejaa au kimepungua, nani kahesabu. Kundi la WhatsApp hapana. Taarifa itafunikwa na salamu za Ijumaa na picha za harusi.

Mwenzangu wa Newala yuko hatua ya 3. Jana amenitumia picha ya manila yake: mikono kumi na mmoja, na mmojawapo ni wa mlinzi, ndiye anayeshika ufunguo wa stoo usiku.