Namna ya kuomba leseni ya kazi za bustani Mbeya na Iringa

Kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba, ikichelewa Desemba, na simu za wateja huanza nayo. Kila mtu anataka ukoka, maua ya uani na miti ya kivuli kabla ardhi haijakauka tena Mei. Mafundi bustani wengi hukumbuka leseni wakati huo, tayari wana kazi tatu mkononi. Anza Agosti. Wakati wa kiangazi kazi ni chache na una nafasi ya kukaa na makaratasi yako kwa utulivu.

Utahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwanza. Bila hiyo mifumo yote inayofuata haifunguki. Ukiwa nayo, omba TIN, namba ya mlipakodi, kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA, haina malipo. Kisha nenda ofisi ya TRA ya eneo lako ukafanyiwe makadirio ya kodi. Sema ukweli kuhusu mauzo unayotarajia: kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na bustani hailipi sawasawa mwaka mzima. Awamu ya Septemba huwakuta wengi mfuko mtupu, kwa hiyo weka akiba tangu Machi.

Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unajibu maswali ya kukutambua, unajaza fomu, unaipakua, unaisaini kwa mkono na kuipandisha tena. Mfumo hutoa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na cheti kinakuja humo humo.

Hapa naomba uwe makini sana. Jina liwe lile lile, herufi kwa herufi, kwenye cheti, TRA, leseni na akaunti ya benki. Mwaka wangu wa kwanza cheti kilikuwa na jina la biashara na akaunti ilikuwa na jina langu tu. Nilimaliza bustani ya taasisi moja vizuri, vijana wangu watano wakisubiri ujira, na malipo yakakaa wiki saba kwa sababu hiyo pekee. Sikulala vizuri wiki zile.

Leseni yenyewe, kwa biashara za kiwango chetu, hutolewa na halmashauri kupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri. Kosa linalorudiwa sana ni kuchagua halmashauri isiyo yako. Ofisi ikiwa Mwanjelwa au Uyole uko Jiji la Mbeya. Ikiwa Mbalizi uko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Iringa nayo ina Manispaa na ina Halmashauri ya Wilaya. Andaa TIN, cheti cha kutodaiwa kodi kutoka TRA, cheti cha BRELA na mkataba wa pango. Kama unauza miche na pia unatengeneza bustani za watu, mweleze Afisa Biashara yote mawili kabla ya kuchagua aina ya biashara, maana ada inafuata aina. Leseni ni ya mwaka mmoja.

Sasa jambo linaloniumiza moyo. Mbeya ni mji wa miteremko. Mteja anakuita upande maua, ukifika anaonyesha ngema nyuma ya nyumba: "Fundi, tujengee na ukuta wa kuzuia udongo." Kupanda, kupalilia, kukata nyasi na kupanga vitalu ni kazi yako. Ukuta wa kushikilia mlima, mifereji ya zege na barabara ya pevingi ni ujenzi, na ujenzi unahitaji kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka ukafunika nyumba kule Itezi. Aliyeona lile tope hawezi kuchukulia ukuta wa mteremko kama kibarua cha Jumamosi. Nenda CRB uulize kazi zako zinaangukia aina gani na daraja gani. Kabla hujasajiliwa, mwachie mkandarasi aliyesajiliwa ukuta, nawe uchukue sehemu ya mimea chini yake kwa mkataba ulioandikwa.

Kitalu cha miche kina masharti yake. Tunapenda kukaa kandokando ya mto kwa sababu ya maji, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukitumia pampu kuvuta maji mtoni, omba kibali cha kutumia maji. Bodi ya Bonde la Ziwa Rukwa ina ofisi Mbeya, ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Kinachoamua ni mto wako unatiririkia wapi. Kunyunyiza dawa za wadudu kwenye bustani za wateja kama biashara ni suala la TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Na tafadhali, usichimbe maua Kitulo kwa ajili ya mteja. Ile ni hifadhi ya taifa.

Ukitaka kazi za serikali, jisajili NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Kikundi chenu kianzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo tazama mipango ya manunuzi mapema.

Ukipanga bei, kumbuka taasisi itakata asilimia 5 ya malipo ya huduma kama kodi ya zuio. Dai hati ya zuio siku hiyo hiyo, maana ndiyo utakayoonyesha TRA. Hesabu pia miche itakayokufa. Uyole sakitu, yaani umande ulioganda, ya Juni na Julai huunguza miche michanga usiku mmoja, na mteja atataka uirudishie. Kwenye mkataba andika ni miche mingapi utakayorudishia na hadi tarehe ipi.