Somo: Kunoa cheni ya chenso kwa tupa ya mkono

Huku Mufindi tunakata misindano (mipaini) na milingoti (mikaratusi) mwaka mzima, na kila nikipita shambani namkuta kijana anaikandamiza chenso kwa nguvu zote ili iingie kwenye gogo. Mashine inalia, upanga, yaani lile bamba refu linalobeba cheni, unatoa moshi, na chini unamwagika unga laini kama sembe. Cheni kali haisukumwi. Hujivuta yenyewe ndani ya mti na kutema vibanzi vinene. Ukiona unga, zima mashine, unoe.

Kwanza, tupa. Iwe ya duara, si ile ya pembetatu ya msumeno wa mkono. Pima kutoka katikati ya ribiti moja (pini inayounga vipande vya cheni) hadi ya tatu yake. Ukipata kama milimita 16.5, tupa yako ni ya 4.8. Ukipata 18.6 hivi, ni ya 5.2, ila mashine ndogo zenye cheni nyembamba ya meno mafupi hutumia ya 4.0. Ukipata 20.5, chukua ya 5.5. Tupa isiyo saizi yake huharibu umbo la jino hata mkono wako uwe mzuri namna gani.

Pili, maandalizi. Zima injini, chomoa kofia ya plagi, vaa glavu. Futa ulimbo kwa brashi yenye petroli kidogo, maana ulimbo wa msindano huziba tupa. Bana upanga kwenye jiliwa. Kama uko msituni, kata mfereji juu ya kisiki uuchomeke upanga humo, mashine isicheze. Funga breki ya cheni unaponoa, ifungue unaposogeza meno.

Tatu, kunoa kwenyewe. Tafuta jino fupi kuliko yote, litie alama ya chaki, uanze nalo. Laza tupa kwa pembe ya nyuzi 30. Cheni nyingi zina mstari mdogo mgongoni mwa jino unaoonyesha pembe hiyo, ufuate. Sehemu moja ya tano ya unene wa tupa ibaki juu ya jino. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kisha inua tupa unaporudi. Kurudi ukisugua kunaua tupa na hakunoi kitu.

Sasa inamisha kichwa uangalie ncha ya jino juani. Ncha butu ina mstari mwembamba mweupe unaong'aa. Endelea kusukuma mpaka mstari huo upotee kabisa. Mara tatu hadi tano hutosha kama hujagonga jiwe. Hesabu, na kila jino la upande huo lipate idadi ileile. Ukimaliza, geuza mashine unoe meno ya upande wa pili, nayo yawe na urefu sawa na lile fupi la mwanzo.

Nne, kinundu kilicho mbele ya kila jino. Hiki ndicho wengi hawakigusi. Kinundu hupima jino liume kwa kina gani, kwa hiyo jino likiisha nacho kishushwe. Kwa cheni nyingi kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kila ukinoa mara tatu hivi, weka kifaa cha kupimia kinundu, piga tupa bapa, kisha viringisha pembe ya mbele. Usikadirie kwa jicho. Mimi nilikadiria mara moja, nikashusha mno. Cheni iliuma mlingoti kwa pupa, mashine ikanirukia. Nilipona kwa sababu breki ilifanya kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo fundi. Yangu inakata kwa kupinda kulia, nimenoa mara mbili bado.*
Marahaba, mwanangu. Meno ya kulia ni marefu au makali kuliko ya kushoto. Mkono wetu huelemea upande mmoja bila sisi kujua. Rudisha yote kwenye urefu wa lile fupi. Ikiendelea kupinda, kagua kingo za upanga, huenda upande mmoja umelika.

*Kaka, nikitumia grenda si nitamaliza haraka?*
Utamaliza, lakini jino likipata moto hadi kuwa la buluu limepoteza ugumu wake. Halitakaa na makali tena. Kama huna mashine maalumu ya kunolea cheni, baki na tupa.

*Nimenoa vizuri, kidole kinahisi makali, ila bado inatoa unga. Niko Makete.*
Vinundu viko juu, dada. Jino ni kali ila haliufikii mti. Rudi hatua ya nne.

*Ninoe kila baada ya muda gani?*
Mimi hugusa tupa kila ninapojaza tena petroli, mara mbili tatu kwa jino. Gogo lililoburutwa kwenye udongo linaua cheni mapema zaidi, kwa hiyo libandue maganda yenye mchanga pale utakapokatia.

*Cheni naitupa lini, mzee wangu?*
Jino likibaki chini ya milimita 4, au ukiona ufa popote. Hapo usiinoe tena, hata mara moja, maana jino likikatika hurushwa kama risasi.