Flashi ya kuokolea kompyuta: kuitengeneza, kuijaribu na kuitunza

Laptopu ikigoma kuwaka, ikabaki inazungusha vidoti kwenye skrini nyeusi, jibu la mafundi wengi ni moja: tupige Windows upya. Mara nyingi haikuwa lazima. Faili za kuwashia zikiharibika, au sasisho likiingia nusunusu, kuna njia za kurekebisha bila kugusa picha wala kazi zako, ilimradi uwe na flashi iliyotengenezwa wakati kompyuta bado nzima. Usipokuwa nayo, fundi atachomeka ya kwake, yenye Windows ambayo hujui nani aliichezea na isiyo na draiva (programu za kuendeshea vifaa) za mashine yako.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja.

Cha kwanza ni flashi ya kurejeshea, ambayo Windows yenyewe huitengeneza kutoka ndani ya kompyuta yako. Inabeba zana za ukarabati na, ukitaka, mfumo wenyewe pamoja na draiva zilizomo. Ni ya mashine hiyo. Cha pili ni flashi ya kupigia Windows, inayotengenezwa kwa programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool. Hii hufanya kazi kwenye mashine yoyote inayokubali toleo hilo, lakini haijui draiva za kampuni iliyounda laptopu yako. Cha tatu ni nakala ya diski nzima, yaani mfumo, programu na mafaili yako kama yalivyo siku hiyo, inayopigwa kwa zana kama Clonezilla au Rescuezilla na kuwekwa kwenye diski ya nje. Viwili vya mwanzo havihifadhi hata picha moja yako. Anayedhani flashi ya kurejeshea ni nakala ya mafaili yake atajuta siku ya kuitumia.

Mwenye kompyuta moja tu atosheke na cha kwanza na cha pili, na mafaili yake ayanakili kando.

Flashi yenyewe

Nunua ya GB 32. Kutengeneza flashi ya kurejeshea kunahitaji angalau GB 16, na mashine zenye draiva nyingi huvuka hapo. Ya kupigia Windows hutosha GB 8. Kubwa zaidi haina faida, kwa sababu flashi hizi hufomatiwa kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32, na zana za kawaida za Windows kwa miaka mingi zimeishia GB 32 kwa mpangilio huo. Chagua ya USB 3 ukiweza. Kwenye USB 2 kazi ya nusu saa inaweza kula saa mbili.

Kabla ya kuiamini, ipime. Sokoni zimejaa flashi zinazosema TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Kidhibiti cha ndani kimefundishwa kudanganya: kompyuta inaona TB 2 ilhali chipu ina GB 8, na kinachozidi hapo kinaandikwa hewani bila onyo lolote. Utaona mafaili yote yamo, majina na ukubwa vikiwa sawa, na ndani hamna kitu. Programu ya H2testw kwenye Windows, au f3write ikifuatwa na f3read kwenye Linux, hujaza flashi yote kisha huisoma tena kulinganisha. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, GB 32 huchukua karibu saa nzima kuandika. Subiri. Ikitoa hata kosa moja, rudisha dukani.

Kutengeneza flashi ya kurejeshea

Laptopu iwe kwenye chaja na betri imejaa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isubiri saa ambazo umeme wa mtaani kwako hautikisiki, kwani ukikatika katikati flashi inabaki nusu na utaanza upya.

1. Chomeka flashi tupu. Kila kilichomo kitafutwa. Chomoa flashi na diski nyingine zote ili usikosee kuchagua.
2. Bonyeza Start, andika «recovery drive», fungua «Create a recovery drive», kisha kubali ombi la ruhusa.
3. Hakikisha alama ya tiki ipo kwenye «Back up system files to the recovery drive». Ukiiondoa, kazi inaisha upesi na flashi ndogo inatosha, lakini utapata zana za ukarabati tu, bila mfumo wa kurejesha.
4. Chagua flashi yako, soma onyo, bonyeza «Create».
5. Mwishoni baadhi ya kompyuta huuliza kama ufute partisheni ya kurejeshea, yaani kipande cha diski kilichotengwa kwa kazi hiyo. Kataa. Utapata GB chache na kupoteza njia ya kujiokoa pasipo flashi.

Kosa linalosumbua zaidi ni ujumbe kwamba flashi haiwezi kutengenezwa, bila maelezo. Anza kwa kufungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi na kuandika:

`reagentc /info`

Ikionyesha «Disabled», andika `reagentc /enable` kisha jaribu tena. Ikikataa kwa kusema haioni faili la WinRE (zana za ukarabati za Windows), maana yake partisheni ya kurejeshea imefutwa au kuharibika, jambo la kawaida kwa laptopu za mtumba zilizopigwa Windows mara nyingi. Kwa mashine kama hiyo usihangaike: nenda moja kwa moja kwenye flashi ya kupigia Windows. Reagentc ikiwa sawa na kosa likaendelea, badilisha flashi, badilisha tundu la USB, zima kwa muda programu ya kuzuia virusi kama si ile ya Windows.

HP, Dell na Lenovo wana pia huduma zao za kupakua mfumo uliotoka nao kiwandani, kwa kutumia namba ya mashine iliyobandikwa chini ya laptopu. Kama bando linaruhusu, hiyo ndiyo nakala bora, kwa sababu draiva zote huja nazo.

Flashi ya kupigia Windows

Media Creation Tool hupakua na kuandika yenyewe, ukifuata maswali yake. Andaa GB kadhaa za bando, na ikiwezekana pakua usiku. Ukichagua kupata faili la ISO (Windows nzima katika faili moja) badala ya flashi, unaweza kulihifadhi na kutengenezea flashi nyingi bila kupakua tena. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwenye mashine isiyokubali Windows 11 ajiwekee ISO yake mapema.

Ukipewa ISO na mtu, ithibitishe. Andika `certutil -hashfile jina.iso SHA256` kisha linganisha mfuatano wa herufi na ule uliotolewa na Microsoft kwenye ukurasa wa kupakulia ISO ya Windows 11. Herufi moja ikitofautiana, tupa.

Usinakili yaliyomo kwenye ISO kwenda flashi kwa mkono ukategemea itawaka. Faili la install.wim katika matoleo ya siku hizi huvuka GB 4, na FAT32 haibebi faili la ukubwa huo. Programu ya Rufus hulitatua hilo yenyewe. Humo chagua GPT kwa mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia), MBR kwa zile kuukuu za BIOS.

Draiva na ufunguo, ambavyo husahaulika

Hapa ndipo wengi hukwama wakiwa na flashi nzuri mkononi.

Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina mpangilio wa diski uitwao VMD. Ukifika hatua ya kuchagua diski, orodha iko tupu, na mtu anaambiwa diski imekufa akanunue nyingine. Diski ni nzima. Kinachokosekana ni draiva. Nakili draiva zote za kompyuta yako leo kwa amri hii, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi ya kupigia Windows au ya diski ya nje, na ukitengeneza folda hiyo kwanza:

`dism /online /export-driver /destination:E:\Draiva`

Siku ya siku, bonyeza «Load driver» na uelekeze kwenye folda ambalo jina lake linaanza na iastor. Humo pia mna draiva ya Wi-Fi, na hiyo ndiyo itakayokuwezesha kupata nyingine zozote.

Ufunguo ni wa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hujifunga zenyewe kwa usimbaji mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe huenda hajui. Ukiwasha kwa flashi, unaombwa tarakimu 48 ndipo diski ifunguke. Usipokuwa nazo, hakuna fundi wa kukutolea mafaili hayo, hata awe hodari kiasi gani. Angalia sasa kwa kuandika kwenye Command Prompt ya msimamizi:

`manage-bde -protectors -get C:`

Tarakimu ziko katika makundi 8 ya tarakimu 6. Ziandike kwenye karatasi pamoja na herufi 8 za mwanzo za utambulisho wa ufunguo, ili ukiwa na kompyuta mbili ujue upi ni wa ipi. Huenda zipo pia kwenye akaunti yako ya Microsoft, ila hakikisha ni akaunti ambayo bado unakumbuka neno la siri lake. Karatasi hiyo isikae kwenye mfuko mmoja na laptopu, mwizi atashukuru.

Jaribu kabla hujaweka kabatini

Flashi ikiwa imechomekwa, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, kisha chagua «Use a device» na jina la flashi. Lakini kompyuta ikifa kweli hutafika hapo, kwa hiyo jaribu pia kwa kitufe: zima kabisa, washa, na hapohapo gonga kitufe mfululizo. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP F9, kwa laptopu za ASUS Esc, kwa Acer F12 ambayo mara nyingine lazima iruhusiwe kwanza ndani ya BIOS kwa F2. Ukiwahi kubadilisha chochote humo, hasa Secure Boot (kinga inayokagua programu za kuwashia), uwe na zile tarakimu 48 mkononi, kwani BitLocker itashtuka.

Ukiona uchaguzi wa kibodi kisha «Troubleshoot», flashi imewaka. Angalia kama «Recover from a drive» ipo. Isipokuwepo, ile tiki ya hatua ya tatu haikuwekwa. Ikiwepo, usiibonyeze, maana inafuta diski yote. Nenda «Advanced options», fungua Command Prompt, andika `diskpart` kisha `list volume`. Partisheni zako zikionekana, flashi inaiona diski. Usishangae C ikawa D. Humo herufi hupangwa upya. Andika `exit` mara mbili na uzime.

Kuitunza

Adui wa kwanza wa flashi ni mwenye nayo. Inaazimwa kubebea filamu, inapelekwa steshenari au saiba kuchapisha barua, inarudi na virusi na autorun ya ajabu. Bandika karatasi yenye aina ya mashine, toleo la Windows, tarehe, na neno USIFUTE. Chache huuzwa zikiwa na swichi ya kuzuia kuandikwa. Ukiipata, lipa zaidi.

Chipu za flashi hushikilia data kwa chaji za umeme ambazo huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Dashibodi ya gari na juu ya friji si mahali pake. Pwani kuna chumvi ya hewa inayokula meno ya USB, hivyo ifunge kwenye kikasha cha plastiki kinachobana pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila miezi sita ichomeke na uiwashe kama ulivyoijaribu mwanzo.

Weka pia nakala ya flashi yenyewe kwenye diski ya nje (hapa E ni flashi, D ni diski ya nje):

`robocopy E:\ D:\NakalaFlashi /E /XD "System Volume Information"`

Flashi ya kurejeshea ikifa, fomati nyingine kwa FAT32 na urudishie yote humo. Kwa mashine za UEFI inawaka bila hatua nyingine. Wenye diski za DVD za kurejeshea kutoka laptopu za zamani wazihifadhi wima, gizani, ndani ya makasha, na wazigeuze kuwa ISO mapema kabla rangi ya ndani haijafifia.

Hata ikitunzwa vizuri, flashi hupitwa na wakati, kwa hiyo tengeneza upya kila mwaka na baada ya kila sasisho kubwa. Sababu moja ni Secure Boot. Mwaka 2023 Microsoft ilianza kuziba tundu la usalama la CVE-2023-24932, lililotumiwa na kirusi cha BlackLotus, kwa kuandaa kuzipiga marufuku programu za kuwashia za zamani. Kwenye mashine ambayo marufuku hiyo imeshawekwa, flashi ya kabla ya hapo haiwaki, ijapokuwa haina mkwaruzo. Isitoshe, vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda wake Juni 2026 na kupisha vya 2023. Usiifute ya zamani mpaka mpya imewaka.