Kabla ya kupanda Elgon wikendi moja na kundi

Wikendi ya kawaida haitoshi kufika Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, na kurudi. Kilele hicho kina mita 4,321, na njia ya Sasa inayoanzia Budadiri, wilayani Sironko, kwa kawaida hupangiwa siku nne. Kundi linalotoka Kampala Ijumaa na kutakiwa kazini Jumatatu asubuhi lihesabu kufika kambi ya Mto Sasa tu, kwenye mita 2,900 hivi. Mkipata ruhusa ya Ijumaa nzima, mkalala Budadiri Alhamisi, basi Jumamosi mnaweza kulala Pango la Mude, karibu mita 3,500, na Jumapili mkashuka hadi chini. Magoti yatalia siku hiyo, lakini inawezekana. Hili liamuliwe watu wote wakiwepo, maana ugomvi wa mlimani huanza pale nusu ya kundi inapodhani inakwenda kileleni.

Kampala hadi Mbale ni takriban kilomita 240 kupitia Jinja na Tirinyi, na msongamano wa Mukono Ijumaa jioni unaweza kula saa mbili peke yake. Wasilianeni na ofisi ya UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) mapema kuhusu ada, namna ya kulipa na askari wa kuwaongoza, kwa kuwa hamruhusiwi kupanda bila yeye. Wapagazi pia huagizwa mapema. Mizigo yao ipimwe kwa mizani, isikadiriwe kwa mkono. Kilo 15 kwa mtu zinatosha. Ulizeni waziwazi ni nani atakayewalisha na iwapo wana mablanketi. Mpagazi anayetetemeka usiku kucha ni tatizo lenu, si lake peke yake.

Watu sita hadi wanane ni idadi nzuri. Wakizidi hapo, mbele na nyuma hawaonani. Mtu wa mwisho awe mwenye nguvu, abebe sanduku la huduma ya kwanza, na asiruhusu yeyote kubaki nyuma yake. Mwendo uwe wa yule aliye polepole. Ondokeni saa mbili asubuhi au kabla: kwenye majabali ya Mudangi kuna ngazi, na watu wanane wakipanda mmoja mmoja wanachukua muda. Sufuria na viatu vilivyoning'inia nje ya begi hunasa hapo, kwa hiyo kila kitu kiingie ndani. Baada ya ngazi ndipo mnapokutana na mianzi, ile inayowapa Wagisu, wenyeji wa hapa, malewa, yaani machipukizi yake ya kula.

Jambo linalodharauliwa zaidi ni mwinuko wenyewe, kwani hewa nyepesi ya juu huweza kuleta ugonjwa. Siku ya kwanza mnapanda zaidi ya mita 1,500. Ukishapita mita 3,000, ushauri wa kawaida ni kutoongeza zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na mwingine, na kutoka Sasa hadi Mude ni kama 600. Yaani mpango huu uko ukingoni tayari. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, mtu huyo asipande zaidi mpaka apate nafuu. Akiyumba anapoambiwa atembee kisigino kwa kidole kwenye mstari, au akihema akiwa ameketi, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Haachwi alale kwanza. Anayetaka dawa ya kuzuia ugonjwa huo, acetazolamide, amwone daktari kabla na ataje mzio wowote wa dawa za salfa.

Baridi ina hesabu yake: joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na Mude usiku hukaribia sifuri. Jinzi ikilowa haikauki, na sweta la pamba vivyo hivyo. Kila mtu awe na koti la mvua, sweta la sufu, begi la kulalia lililofungwa ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) nene, godoro jembamba la povu na tochi ya kichwani. Gambuti zinafaa kwenye tope la msitu, ila zivaliwe kwanza nyumbani na soksi nzito. Gambuti mpya huchuna kisigino kabla hamjafika ngazi.

Jikoni, maharage makavu yaachwe Mbale. Kwenye mita 3,500 maji huchemka karibu nyuzi 88, na mtamaliza gesi yote maharage yakiwa bado magumu. Bebeni unga wa posho, yaani ugali (kilo moja na robo kwa watu sita, mlo mmoja), odi (siagi ya karanga au ufuta), mayai ya kuchemsha, chapati za siku ya kwanza. Makopo ya gesi yenye butani peke yake hulegea kwenye baridi. Tafuteni yenye mchanganyiko wa propani. Maji ni lita tatu kwa mtu kwa siku, ya mto yachemshwe dakika tatu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari. Miteremko ya Elgon huporomoka mvua ikikolea: maporomoko ya Bududa yalikuwa Machi 2010, ya Bulambuli Novemba 2024. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo kabla ya safari, ahirisheni. Mwenye gari aelezwe hilo tangu mwanzo, ili arubuni mliyompa isiwe sababu ya kupanda.