Badili nguo njiani, usisubiri Dar

Ukisafiri Januari kutoka Minneapolis, Marekani, kwenye baridi ya theluji, kwenda kuwaona marafiki Dar es Salaam, weka shati jepesi la pamba, kanga na kandambili juu kabisa kwenye begi la mkononi, ubadilishe kwenye uwanja wa kuunganisha ndege, kabla ya kupanda ndege ya mwisho. Nimefanya hivyo safari hii na nimeona tofauti kubwa. Ukishuka Dar joto linakupokea mlangoni, hata usiku, na foleni ya uhamiaji si mahali pa kusimama na sweta la sufu limegandana na mgongo. Isitoshe, miguu huvimba kwa kukaa saa nyingi. Ukivua buti, kuzivaa tena ni kazi. Kanga usiiache kabisa: ndani ya ndege kuna baridi, utajifunika. Koti likunje, ulibane kwa mikanda ya begi.

Haifai kama una saa moja tu ya kuunganisha. Hapo kimbilia geti kwanza. Na wakati wa kurudi, koti usilitie kwenye sanduku kubwa. Sanduku likichelewa, utatoka kwenye theluji na shati la pamba.