Vitufe vya Ukurasa Visipoitika: Namna ya Kuitafuta Skripti Iliyokwama

Katika steshenari yetu hapa Moshi, haipiti wiki bila mwanafunzi kuja na kompyuta ambayo fomu imejazwa vizuri, ila kitufe cha kutuma hakiitiki. Mara nyingi skripti, yaani maagizo ya JavaScript yanayokifanya kitufe kitende kazi, haikupakiwa au imekwama. Nawasihi msikimbilie kufuta vidakuzi vyote (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huzihifadhi kwenye kivinjari), kwa kuwa mtatolewa kwenye akaunti zenu kabla ya kujua chanzo.

Hatua ya 1. Nakili uliyoandika, kisha bonyeza Ctrl+Shift+R ili kivinjari kilete mafaili mapya badala ya yale ya akiba.

Hatua ya 2. Fungua ukurasa huo katika dirisha fiche (Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox), ambamo viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, kwa kawaida huwa vimezimwa. Kitufe kikiitika humo, rudi ukazime viendelezi kimoja kimoja, ukianza na kinachozuia matangazo.

Hatua ya 3. Hii ndiyo wengi huiogopa, nayo ndiyo yenye majibu. Bonyeza F12, chagua Console (konsoli, sehemu ambako kivinjari huandika makosa), bonyeza tena kitufe kilichogoma, kisha soma mstari mwekundu wa kwanza, kwa kuwa mistari inayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu. ERR_BLOCKED_BY_CLIENT huonyesha kwamba kizuizi kimo ndani ya kivinjari chako. 404 ni faili lisilopatikana kwenye seva, na hilo ni la mwenye tovuti, hivyo mpelekee picha ya skrini. Usibandike kwenye Console maandishi uliyotumiwa na mtu usiyemjua, kwani wezi wa akaunti hupitia mlango huo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Natumia Opera Mini kwenye simu nikiwa Sakina, Arusha, na menyu hazifunguki.*
Marahaba. Inapobana data kwa kiwango cha juu, kurasa huandaliwa kwenye seva za Opera na skripti hupewa muda mfupi tu. Jaribu Chrome au Firefox.

*Kompyuta yangu ni ya Windows 7, na konsoli inaandika SyntaxError.*
SyntaxError maana yake kivinjari hakikuelewa namna maagizo yalivyoandikwa. Chrome 109 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7, kwa hiyo skripti zilizoandikwa kwa mtindo mpya zaidi huenda isizielewe. Ijaribu fomu hiyo kwenye kompyuta yenye kivinjari kipya kabla ya kumlaumu mwenye tovuti.

*Tangu umeme ukatike, tovuti nyingi zinaleta onyo la usalama.*
Angalia tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi na vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa. Rekebisha tarehe, kisha ubadilishe betri.