Gari la Mwaka Gani? Soma Chesisi Kabla ya Kulipa

Marekani, gari linaloitwa la 2025 si lazima liwe limeundwa 2025. Sheria ya huko inamruhusu mtengenezaji kuanza kuunda modeli ya 2025 tangu Januari 2, 2024, mradi uzalishaji wake upite Januari mosi moja tu, ile ya 2025. Ndiyo maana mwezi wa tano unaweza kukuta yadini gari "la mwakani". Mara nyingi kilichobadilika ni rangi na bei.

Hakikisha mwenyewe. Namba ya chesisi (VIN), yenye tarakimu na herufi 17, inasomeka kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Alama ya 10 ndiyo mwaka wa modeli: L ni 2020, M 2021, N 2022, P 2023, R 2024, S 2025. Kisha fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango, chenye mwezi na mwaka wa kuundwa. Ukiona S na 06/24, hujadanganywa: ni modeli ya 2025 iliyoundwa Juni 2024.

Kuelekea mwisho wa mwaka, wauzaji hushusha bei ya modeli inayoondoka. Chukua, kama utakaa nalo miaka mingi. Ukipanga kuliuza mapema, punguzo dogo halikufai, kwa sababu soko litahesabu mwaka wa modeli. Na kama limelala yadini miezi mingi, dai betri ipimwe.

Kwa gari la kutuma nyumbani Afrika Mashariki, herufi ya 10 usiitegemee. Magari ya soko la ndani la Japani yana chesisi fupi isiyobeba mwaka, na ya Uingereza mengi hayauweki hapo. Pleti ya Uingereza yenye 18 inaonyesha gari lilisajiliwa kati ya Machi na Agosti 2018, haisemi liliundwa lini. Tofauti hiyo ni pesa: Kenya inahesabu miaka minane tangu usajili wa kwanza, Uganda inazuia gari lililofikisha miaka 15 tangu kuundwa, na Tanzania ushuru wa uchakavu unafuata mwaka wa kuundwa. Lililoundwa Novemba 2017 na kusajiliwa Machi 2018 ni la 2018 Mombasa, la 2017 Dar es Salaam.

Mwombe muuzaji avute mkanda wa kiti mpaka mwisho, apige picha lebo iliyoshonewa chini. Nyingi zina tarehe. Ikiwa tarehe ya mkanda ni ya baada ya usajili, mkanda ulibadilishwa, na huenda gari liligongwa. Uliza kabla hujatuma hela.